Nanyi Mlioipokea Karatasi Mtaulizwa

Sikieni, ninyi mnaopokea tangazo la mtu kunyongwa na kulisukuma mbele kabla hamjajua hata alizaliwa wapi. Linaingia katika simu alfajiri: picha ya mtu mwenye kilemba au mwenye joho la upadri, jina lake, tarehe, na neno moja zito, "gaidi" au "mhaini". Jicho lenu linatafuta jambo moja tu: huyu ni wa dini gani, wa madhehebu gani? Akiwa wa kwao, mnaandika "haki imetendeka", mnataja na jina la Mwenyezi Mungu, kisha mnalituma katika vikundi vyote mlivyomo. Akiwa wa kwenu, mnaandika "shahidi wetu" na kuahidi kisasi. Hakuna anayeuliza nani alimtolea ushahidi, wala kama alipewa nafasi ya kujibu, wala jaji alikuwa akimwogopa nani.

Nawakaripia kwa hili, wala siwaonei. Anayesambaza tangazo la hukumu ya kifo amejiongeza katika orodha ya mashahidi waliomfikisha mtu huyo kitanzini. Amesema "ndiyo, ni kweli" juu ya jambo ambalo hakuliona, katika mahakama ambayo hakukaa, dhidi ya mtu ambaye hakumsikia. Torati ya Musa ilikataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja, tena ikaamuru mashahidi wenyewe wawe wa kwanza kurusha jiwe, ili atoaye neno la kuua auhisi uzito wake mkononi. Qurani inawaamuru waumini waichunguze habari iletwayo na mtu mpotovu, wasije wakawadhuru watu bila kujua. Vitabu hivi mnavijua. Mnavisoma kwa sauti nzuri mbele za watu. Kisha mnashika simu na kurusha jiwe mkiwa mmelala kitandani.

Msiseme dhambi hii imeletwa na simu. Ilikuwapo tangu karatasi ilipoanza kuchapwa, na watu waliokuwa na Biblia mkononi waliitenda kwa moyo mkunjufu. Nitawaonyesha mji mmoja ulioitenda kwa miaka mitatu, ili mjitazame ndani yake.

Mwaka 1678 Uingereza ilikuwa nchi ya Kiprotestanti chini ya Mfalme Charles II, na Wakatoliki walikuwa wachache waliobanwa na sheria. Lakini James, mdogo wa mfalme na mrithi wa kiti, alikuwa amejiunga na Kanisa Katoliki, na hofu ikatanda kwamba akitawala yeye, Waprotestanti watachomwa moto kama zamani. Hofu hiyo ilingoja mtu wa kuipa maneno. Akatokea Titus Oates, kasisi asiyedumu mahali, aliyeingia Ukatoliki mwaka 1677, akafukuzwa katika chuo cha Valladolid cha Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, kisha akafukuzwa katika chuo chao kingine cha Saint-Omer. Alirudi London akidai kwamba Wajesuiti wamekula njama ya kumuua mfalme na kuipindua dini ya nchi kwa silaha. Njama hiyo aliitunga. Septemba 1678 aliiapia mbele ya hakimu Edmund Berry Godfrey. Tarehe 17 Oktoba Godfrey akakutwa amekufa karibu na Primrose Hill. Nani alimuua, hadi leo haijulikani. Lakini London haikuwa na subira ya kujua.

Februari 1679 watu watatu wa kawaida walinyongwa kwa kifo hicho: Robert Green, Lawrence Hill na Henry Berry. Shahidi mkuu alikuwa sonara aliyeitwa Miles Prance. Alitupwa katika chumba cha baridi gerezani Newgate. Akakiri, akakana, kisha akakiri tena. Kwa kiapo cha mtu aliyegeuka hivyo mara mbili, watatu waliuawa, na mmoja wao, Berry, hata Mkatoliki hakuwa. Mwaka 1686 Prance alikubali mahakamani kwamba kiapo chake kilikuwa cha uongo. Green, Hill na Berry walikuwa wamekaa kaburini miaka saba.

Sasa angalieni kilichofuata kila kitanzi. Mitambo ya kuchapa ilikimbia. Masimulizi ya Oates yalichapwa mwaka 1679 kwa amri ya Baraza la Malodi, yakawa na muhuri wa wakubwa. Mashauri ya uhaini yalichapwa kwa idhini ya jaji mkuu. Mwaka huohuo sheria ya kudhibiti uchapaji ilipoisha muda wake, karatasi zikafurika: karatasi moja moja ambazo fundi wa kawaida aliweza kuzinunua, zenye jina la aliyeuawa, kosa lake, safari yake kutoka Newgate hadi Tyburn palipokuwa na mti wa kunyongea, na maneno aliyoyasema akiwa na kamba shingoni. Zilisomwa kwa sauti katika nyumba za kahawa. Msanii Francis Barlow aliichora njama yote, na michoro yake ikachapwa kwenye karata 52 za kuchezea, pamoja na watu wakipelekwa kuuawa. Watu wakakaa mezani jioni, wakagawa karata, wakashinda na kushindwa kwa picha za wenzao waliochinjwa.

Mmeshangaa? Ninyi mnaozigeuza picha za walionyongwa kuwa vibandiko vya kuchekea mnashangaa nini?

Juni 1679 walishtakiwa Wajesuiti watano: Thomas Whitbread, William Harcourt, John Fenwick, John Gavan na Anthony Turner. Sheria ya uhaini ilidai mashahidi wawili. Whitbread na Fenwick walikwisha kusimamishwa mahakamani Desemba iliyotangulia, na shahidi wa pili dhidi yao hakutosha. Badala ya kuachiwa, walirudishwa gerezani mpaka mashahidi wapatikane, wakashtakiwa upya. Oates alidai kwamba aliwaona wakipanga njama London mwezi Aprili 1678. Wakaletwa kutoka Saint-Omer mashahidi zaidi ya kumi, vijana waliosoma na kula naye, wakasema mwezi huo Oates alikuwa chuoni pamoja nao, ng'ambo ya bahari. Mahakama ikawapuuza kwa kuwa walikuwa Wakatoliki. Watano wakahukumiwa. Walipofika Tyburn tarehe 20 Juni, uliletwa msamaha wa mfalme kwa sharti moja, wakiri njama. Walikataa kununua uhai kwa uongo, wakanyongwa.

Maneno yao ya mwisho yalichapwa, na wote walikana. Je, mji ulitubu? Hapana. Zikatoka karatasi nyingine za kuyajibu maneno ya marehemu. Zilisema dini yao inawaruhusu kudanganya, na kwamba wamepewa ruhusa ya kuapa uongo hata mbele ya kifo. Tazameni mtego ulivyofungwa pande zote. Akikiri, ni mhaini kwa kinywa chake mwenyewe. Akikana, kukana kwake ni ushahidi wa ubaya wa dini yake. Akinyamaza, ana siri. Hakuna neno ambalo mwanadamu angeweza kulisema likamwokoa, kwa sababu msomaji alikwisha kuamua kabla ya kusoma. Ndivyo mnavyofanya nanyi mkiandika chini ya picha ya mtu, "Hao ndivyo walivyo, usiwaamini hata wakilia."

Na mshtakiwa hakuwa na wakili. Shikeni jambo hili. Katika Uingereza ya siku hizo, aliyeshtakiwa uhaini hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumtetea katika mambo ya ushahidi, wala hakupewa hati kamili ya mashtaka mapema ajiandae, na mashahidi wake hawakuapishwa kama wale wa mfalme. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1696 tu, baada ya makaburi mengi. Karatasi iliyouzwa barabarani haikusema hayo. Haikuandika, "Huyu alijitetea peke yake, bila wakili, na mashahidi wake walizomewa." Iliandika "mhaini" kwa herufi kubwa. Aliyeinunua alidhani amenunua habari. Alichonunua ni upande mmoja wa kesi, umepigwa chapa.

Akafuata Oliver Plunkett, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland. Alikamatwa Desemba 1679. Walijaribu kumshtaki Dundalk, katika nchi yake, mbele ya watu waliomjua, na kesi ikavunjika kwa kuwa mashahidi wa kumshtaki hawakuthubutu kutokea. Basi wakamvusha bahari hadi London, ambako hakujulikana. Baadhi ya walioapa dhidi yake walikuwa wanadini aliowahi kuwarudi kwa mwenendo wao mbaya. Walisema alipanga kulishusha jeshi la Wafaransa katika bandari ya Carlingford na kuandaa wapiganaji 70,000. Plunkett akajibu kwamba mapato yake ya mwaka hayakuwahi kuzidi pauni 60 na kwamba alikuwa na mtumishi mmoja, angelilipaje jeshi? Aliomba muda wa kuwaleta mashahidi wake na hati zake kutoka Ireland. Akapewa majuma matano, na bahari na urasimu vikayala. Tarehe 8 Juni 1681, katika ukumbi wa Westminster, wazee wa baraza walitumia kama robo saa, wakarudi na neno "ana hatia".

Earl wa Essex, aliyewahi kuitawala Ireland kwa niaba ya mfalme, alimwendea Charles kumwambia kwamba mashtaka hayo hayawezi kuwa kweli. Mfalme akamjibu kwa ghadhabu kwamba angeyasema hayo mahakamani, yangefaa; damu hii na iwe juu ya kichwa cha Essex, kwa maana yeye mfalme hathubutu kusamehe. Hathubutu! Mtu mwenye jeshi, mahakama na ufunguo wa gereza alimwogopa nani? Aliwaogopa wasomaji. Aliuogopa umati uliokwisha kulishwa karatasi kwa miaka mitatu, unaongoja karatasi inayofuata. Tarehe 1 Julai 1681 Plunkett alivutwa hadi Tyburn, akanyongwa, akapasuliwa na kukatwa vipande vinne. Maneno yake ya mwisho yakachapwa na kuuzwa.

Hapo ndipo penye uzito wa karipio langu, na hapo sitawaachia. Mnajitetea kwamba ninyi ni wadogo, kwamba hukumu ni ya serikali na kitanzi ni cha serikali. Mfalme yule alijua au alishuku kwamba mtu hana hatia, lakini aliogopa barabara. Barabara ni nani kama si mimi na wewe? Mtawala anayetaka kuua kwa jina la dini hupima kwanza: nikimuua huyu, watu watalia au watashangilia? Kila mlipolishangilia tangazo mlimpa jibu. Mlimfundisha kwamba damu ya upande ule ni rahisi. Kesho akihitaji damu nyingine ya kufunika njaa au wizi, anajua pa kuichota.

Wala msiniambie kwamba hayo ni ya Waprotestanti, au ya Wazungu, au ya kale. Nchi hiyohiyo, chini ya Malkia Mary, iliwachoma moto Waprotestanti karibu 280 kati ya 1555 na 1558. John Foxe akawaandikia kitabu kikubwa mwaka 1563, chenye picha, na Waprotestanti wakakiweka karibu na Biblia. Kisha chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wakauawa Wakatoliki zaidi ya 180. Waziri wake mkuu, William Cecil, akachapa kijitabu mwaka 1583 kueleza kwamba hao hawakufa kwa ajili ya imani, wamekufa kwa uhaini, na kijitabu kikatafsiriwa kwa lugha za Ulaya ili dunia ishawishike. Mwaka 1585 Bunge likatunga sheria kwamba padri aliyepewa upadri ng'ambo tangu Elizabeth aingie madarakani, akikutwa nchini, kuwapo kwake tu ni uhaini. Kwanza wakamchukia padri. Kisha wakaupa upadri wake jina la kosa. Kisha wakatangaza kwamba wamemuua kwa kosa. Kila upande ulikuwa na orodha yake ya mashahidi wa imani, na kila upande uliziita maiti za mwenzake wahaini au wazushi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na nguruwe siku zote alikuwa yule wa kanisa la pili.

Njooni basi karibu. Tarehe 2 Januari 2016, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba imewaua watu 47 kwa siku moja. Wengi wao walihukumiwa kwa mashambulizi ya al-Qaeda. Ndani ya orodha hiyohiyo limo jina la Sheikh Nimr al-Nimr, mwanazuoni wa Kishia kutoka Mkoa wa Mashariki, aliyejulikana kwa kuikosoa serikali. Wakawekwa katika tangazo moja, chini ya jina moja la ugaidi, ili msomaji asiulize tofauti. Umati ukauvamia ubalozi wa Saudi Arabia mjini Tehran, na kesho yake Saudi Arabia ikavunja uhusiano na Iran. Agosti ya mwaka huohuo, Iran ikatangaza kuwanyonga wafungwa wapatao 20, Wakurdi wa Kisunni, nao kwa jina la ugaidi. Makundi ya haki za binadamu yalilalamika kwamba kesi zao zilisikilizwa kwa haraka na kwa maungamo ya kulazimishwa.

Nawauliza ninyi mliosherehekea Januari: Agosti mlijisikiaje? Na ninyi mliolia Januari: Agosti machozi yenu yalikwenda wapi? Kama mlimlilia mmoja na kumcheka mwingine, msiite machozi hayo haki. Mlikuwa mnahesabu magoli.

Mtasema, "Lakini wengine walikuwa wauaji kweli." Ndiyo. Katika orodha zile walikuwamo waliohukumiwa kwa kumwaga damu ya watu wasio na kosa, na wajane wa waliouawa wana haki ya kudai hukumu. Sikuwaambia kila anyongwaye ni malaika. Nimewaambia kwamba ninyi hamkujua yupi ni yupi, na hamkutaka kujua. Mwenye hatia na asiye na hatia mliwapeleka mbele kwa kidole kilekile, kwa furaha ileile. Hakimu anayewahukumu wote sawasawa bila kusikiliza ni mwovu hata pale anapobahatisha ukweli.

Mtasema, "Mimi nilitumiwa tu, nami nikatuma." Mchapaji wa London naye angesema hivyo: nililetewa maneno, nikapanga herufi. Mwuzaji angesema: nilipewa karatasi, nikatembeza. Mnunuzi angesema: niliikuta inauzwa. Wote hao wakipewa udhuru, Plunkett ameuawa na nani? Kifo chake kilipita katika mikono elfu, na kila mkono ukasema si wangu.

Mtasema, "Serikali yenyewe imetangaza, tena kwa maandishi." Basi sikilizeni habari ya hapa kwetu. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana la Uganda alikamatwa mjini Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na uonevu wa askari. Kesho yake ikatangazwa rasmi kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari, walipojaribu kumzidi nguvu dereva. Lilikuwa tangazo la serikali, lenye majina na maelezo, na lilikuwa uongo. Waliuawa kwa risasi. Kaburi lilichimbwa Namirembe na mwili haukuletwa. Watu walisali kando ya shimo tupu. Leo sanamu ya Luwum imesimama tangu 1998 juu ya mlango mkuu wa magharibi wa Westminster Abbey, hatua chache kutoka ukumbi ule alikohukumiwa Plunkett. Mmoja alikuwa Mwanglikana aliyeuawa Afrika na tangazo likasema ajali. Mwingine Mkatoliki aliyeuawa katika nchi ya Waanglikana na tangazo likasema haki. Muhuri wa serikali unathibitisha kwamba serikali imesema. Haujawahi kuthibitisha kwamba serikali imesema kweli.

Tena mnajidanganya mkidhani kisu hiki kina makali upande mmoja. Desemba 1680 William Howard, Viscount Stafford, mzee Mkatoliki wa miaka 66, alikatwa kichwa kwa viapo vya Oates, Stephen Dugdale na Edward Turberville. Waprotestanti wa London walishangilia. Miongoni mwa wenye bidii kubwa dhidi ya Wakatoliki alikuwamo Stephen College, seremala wa mji huo, ambaye watu walimwita seremala wa Kiprotestanti. Haikupita miezi minane upepo wa siasa ukageuka, na College mwenyewe akashtakiwa uhaini kwa maneno na karatasi zake dhidi ya mfalme. Wazee wa baraza wa London wakakataa kuipokea kesi. Basi ikahamishiwa Oxford, kama ile ya Plunkett ilivyohamishwa kutoka Dundalk. Wakaingia mashahidi: Dugdale na Turberville! Walewale. Vinywa vilevile vilivyoaminiwa kama Injili vilipomuua Stafford sasa vilimwapia seremala. Alipiga kelele kwamba ni waongo. Nani angemsikiliza? Upande wake ndio uliokuwa umewapa sifa ya ukweli. Alinyongwa Oxford tarehe 31 Agosti 1681, miezi miwili baada ya Plunkett, na habari za kifo chake zikachapwa na kuuzwa kama za wale wengine. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ninyi mnamsaidia kinyozi kunoa wembe.

Na ukweli unapokuja, huja kwa miguu. Mei 1685 Oates alihukumiwa kwa kiapo cha uongo. Ushahidi uliomtia hatiani ni uleule kwamba Aprili 1678 alikuwa Saint-Omer, ushahidi uliochekwa miaka sita kabla. Akachapwa viboko barabarani, kisha utawala ulipobadilika akaachiwa mwaka 1689 na kupewa posho, akafa kitandani mwaka 1705. Hukumu ya Stafford ilifutwa na Bunge mwaka 1824, miaka 144 baadaye. Plunkett alitangazwa mtakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 12 Oktoba 1975, karibu miaka 300 baada ya kitanzi. Tangazo la kifo lilienea kabla jua halijazama. Sahihisho lilichukua vizazi kumi. Ninyi nanyi, tangazo likionekana baadaye kuwa uongo, nani kati yenu amewahi kurudi katika kila kikundi alikolituma akaandika, "Nilisema uongo juu ya mtu huyu, nisameheni"? Mnafuta kimyakimya ujumbe na kuendelea na mwingine.

Nanyi viongozi wa dini, sitawapita. Mnaosimama juu ya mimbari na madhabahu mkisoma majina ya waliouawa wa upande wa pili kama dalili kwamba Mungu amewasikia, nani aliwapa ruhusa ya kumfanya Mungu kuwa mnyongaji wenu? Na mnaowasoma wafu wa upande wenu tu, mkiwasha hasira za vijana bila kuwaambia ukweli wote, mnawapeleka vijana hao katika orodha inayofuata. Mlipaswa kuwa watu wa kwanza kusema "ngojeni", na mmekuwa wa kwanza kupaza sauti.

Nanyi wahariri. Taarifa ya wizara si uchunguzi. Mkichapa neno kwa neno lililotoka kwa mnyongaji, mkaweka na picha kubwa ili gazeti liuzike, mmerudi London ya 1679 na kupanga herufi zilezile. Andikeni alishtakiwa wapi, kwa siri au hadharani, alikuwa na wakili au hakuwa naye, mashahidi walikuwa akina nani na walilipwa nini, maungamo yalipatikanaje, familia yake inasema nini. Mkishindwa kuyapata hayo, andikeni kwamba serikali imekataa kuyasema, ili msomaji aone shimo lilipo.

Basi fanyeni hivi. Tangazo la kifo likikufikia, lisimame kwako. Usilipeleke kokote mpaka uyajue majibu ya maswali hayo, na usipoyajua, nyamaza. Ukisikia moyo unafurahi kwa kuwa aliyekufa ni wa dini nyingine, ukemee moyo wako kama unavyomkemea mwizi nyumbani. Mtafute jirani wa dini ile, ukampe pole kwanza, mabishano yatangoja. Akiuawa wa upande wako, dai ukweli kwa sauti yote, lakini kwa kipimo kilekile utakachomdaia adui yako kesho. Na kama uliwahi kusambaza uongo juu ya mtu aliyeuawa, rudi leo katika kila mlango ulikoupeleka, ukatamke kwa jina lako kwamba ulikuwa uongo. Aibu utakayoipata ni ndogo kuliko ya marehemu huyo.

Tangazo jingine linakuja. Pengine mwezi huu, pengine usiku huu, kwa maana walimwengu bado wanauana kwa jina la Mungu na watawala bado wana wino. Siku hiyo hamtasema hamkuonywa. Kila mmoja wenu ataulizwa peke yake juu ya mtu aliyemwita mhaini bila kumjua, na jibu la "nilitumiwa, nami nikatuma" halitapokelewa.